MPV yako imeandikwa H? Soma kwanza

Wiki haipiti bila mteja kurudi kwenye dirisha la maabara yetu na karatasi ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), kidole kikiwa kwenye mstari wa MPV penye herufi H, yaani juu ya kawaida. Ameshapekua mtandaoni, kakutana na maneno "hatari ya moyo", usingizi umekata. Na wengi wao walikuja kupima malaria tu!

MPV ni wastani wa ukubwa wa chembe sahani, zile zinazoziba jeraha damu isiendelee kuvuja. Hutengenezwa kwenye uboho na huishi siku 7 hadi 10. Zilizo kubwa kwa kawaida ni wepesi zaidi wa kunatana, na hapo ndipo moyo unapoingia. Utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mshipa wa moyo ukipasuka, chembe sahani hupakimbilia kama zinavyokimbilia kidole kilichokatwa kisu. Donge linajengeka, mshipa unaziba. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa moyo huandikiwa aspirini: chembe iliyokutwa na dawa hiyo hubaki imelemaa mpaka ife. Na ni kweli, watafiti wameona MPV ya waliopata shambulio la moyo huwa juu kidogo kuliko ya wengine.

Kidogo, lakini. Damu yako inaingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuizuia isigande, na dawa hiyohiyo huzivimbisha chembe sahani. Sampuli iliyotolewa Mbagala saa 2 asubuhi, ikapanda boda na kutufikia saa 8 mchana, inaweza kuonyesha MPV kubwa hata kama moyo wa mwenyewe hauna tatizo. Mashine za kampuni tofauti nazo hazitoi namba moja. Kwa hiyo tukikuomba uje utolewe damu hapahapa, usidhani tunakusumbua.

Daktari akitaka kujua hatari yako ataanza na presha, sukari, kolesteroli, sigara, umri na historia ya ukoo. MPV peke yake haimwanzishii mtu dawa.

Kama unatumia aspirini uliyoandikiwa, usiiache ili "upime vizuri". Na kifua kikibana, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho jembamba likakutoka, usije kwetu kupanga foleni. Nenda hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia), saa hiyohiyo.