Hicho kitufe cha ovadraivu kina kazi yake, tusikiogope

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie kitu kidogo kinachotumaliza sisi tunaobeba mizigo kwa pikapu za otomatiki: kile kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, kilicho ubavuni mwa mpini wa gia. Mimi ni mfanyabiashara wa nyanya. Nazitoa Ilula, mkoani Iringa, nazishusha Soko la Ilala, na mara nyingi usukani naushika mwenyewe, kwa hiyo sisemi ya kusimuliwa.

Pale sokoni vijana wakianza kushusha matenga, madereva hukaa pembeni wakabishana, na ubishi wa kitufe hiki hauishi. Wapo wanaosema ni kitufe cha nguvu. "Bonyeza, mama, utaona gari inavyovuta." Hawa wakishakibonyeza Dar hawakigusi tena mpaka Mbeya, halafu wakifika wanalalamika petroli imepanda bei. Wengine hawataki hata kukisikia, wanasema kinaua gia boksi. Na aliyeniuzia gari pale yadi ndiye alitoa kali kuliko wote: "Hiyo usiiguse kabisa, ile taa ya njano ikiwaka tu ujue gia boksi imekwisha." Mtu anauza magari mwaka mzima na hajui taa ya dashibodi inasema nini! Kitabu cha gari nacho kilikuja na gari kutoka Japani, kimeandikwa Kijapani, nimekiweka kwenye droo ya dashibodi pamoja na risiti za ushuru wa mazao.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa gia boksi pale Gerezani. Siku hiyo alikuwa amefungua mezani gia boksi ya A340, ambayo Toyota wameifunga kwenye magari mengi, na pikapu yangu ikiwemo. Akanieleza hivi. Kwenye gia namba tatu, injini ikizunguka mara moja, propela (ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu) nayo inazunguka mara moja. Wako sawa kwa sawa. Kwenye namba nne, ambayo ndiyo ovadraivu yenyewe, uwiano ni 0.705. Kwa hesabu ya sokoni, injini ikizunguka mara 7, propela inazunguka karibu mara 10. Yaani gari linakwenda mbio kuliko injini inavyohangaika. Kama kwa mwendo fulani mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unasoma 3,000 kwenye namba tatu, kwa mwendo uleule kwenye ovadraivu utasoma kama 2,100. Injini inapoa, kelele zinapungua, petroli inadumu. Lakini hakuna cha bure hapo: ulichopata kwenye mwendo umekitoa kwenye kuvuta. Namba nne haina nguvu ya kupandisha mzigo, na haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Sasa wale wa kitufe cha nguvu wanaona kwamba wakikibonyeza gari linachangamka, na hilo ni kweli. Ila kitufe hakijaongeza nguvu yoyote. Kimeizuia tu gia boksi isiende namba nne, ikabaki na zile tatu za chini. Ukikiacha hivyo kwenye barabara iliyonyooka kutoka Mlandizi hadi Chalinze, na gari halina mzigo, injini inapiga kelele safari nzima bila faida yoyote. Mafuta hayo ungenunua vocha.

Taa ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ikiwaka O/D OFF maana yake umeizima ovadraivu, basi. Ikiwa haiwaki, ovadraivu ipo tayari na gari litaingia namba nne lenyewe mwendo ukifika. Kwenye pikapu yangu kitufe kikiwa kimezama ovadraivu ipo. Kikichomoza imezimwa, na kinabaki vilevile hata ukizima gari. Kwa hiyo kijana wa kuosha magari akikigusa na kitambaa chake, kesho yake unaendesha na taa bila kujua imewashwa na nani. Angalieni kabla ya kukimbilia kwa fundi. Ila taa hiyo ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, hapo habari ni nyingine. Kwenye Toyota, na Nissan pia, ni kompyuta ya gia boksi inayokuambia imeona hitilafu na imeiandika. Usiendelee kubonyezabonyeza kitufe ukidhani kimeganda. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Basi kizimwe lini? Mimi sitazami kilomita, nasikiliza gari. Ukiwa na mzigo, unapanda kilima cha kawaida tu, utasikia gia boksi inaingia namba nne, inashindwa, inarudi tatu, injini inapaa, mwendo ukitengemaa inajaribu nne tena, inashindwa tena. Mshale unapanda na kushuka kila dakika. Hapo ndipo pa kubonyeza. Hali hiyohiyo huja kwenye vijiji vya barabara ya Morogoro, pale unapokimbizana na vibao vya 50 ukiogopa kupigwa tochi: mara unapunguza, mara unakanyaga, na gia boksi inabaki haijui ikae wapi. Zima ovadraivu, pita kijiji, ukitoka washa. Hakuna gharama.

Kinachoua gia boksi ni joto, na joto linatoka kwenye kuhangaika huko. Mahali ambapo gari la kawaida lina klachi, otomatiki ina toki konveta, ambayo inazungusha nguvu kwa oili. Gia ikitulia na mwendo ukiwa mzuri, toki konveta hujifunga ikawa kitu kimoja na injini. Gia isipotulia haijifungi, au inajifunga na kujifungua, na ile oili inakorogwa ndani mpaka inachemka. Yule mzee alinipa mkononi klachi za ndani za gia boksi iliyoletwa na dereva wa mchanga. Ni visahani vyembamba vyenye utando kama karatasi ngumu pande zote mbili. Vizima ni vya kahawia. Hivi vilikuwa vyeusi, nikapitisha ukucha utando ukabanduka, na mikono ikanuka kama sufuria ya maharage yaliyoungua. Nilinunua oili mpya siku hiyohiyo, bila kuulizwa.

Kwa faida ya wasomaji, oili yenyewe kuiangalia ni rahisi kwa magari yenye dipstiki ya gia boksi (mengine mapya hayana). Gari liwe limetembea na limepata moto, lisimame pahala tambarare, injini ikiwaka. Kanyaga breki, pitisha mpini taratibu kwenye gia zote, urudishe P (ya kuegesha), ndipo uchomoe dipstiki. Futa, rudisha, chomoa tena. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ya aina hiyo ni nyekundu na haina harufu kali. Ikiwa ya kahawia iliyoiva na inanuka kuungua, usisubiri mwisho wa mwezi.

Niseme na kuhusu Kitonga, ule mlima mkali wa kona nyingi kabla ya kufika Ilula, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kukiheshimu kitufe hiki. Kupanda naenda mtupu, na bado nazima ovadraivu pale chini kabla ya kona za kwanza, maana nikingoja gari lihangaike kwanza ndipo nizime, nimeshachelewa. Lakini kazi kubwa ni kurudi, matenga yamejaa nyuma. Watu wengi wanajua ovadraivu inazimwa kwenye kupanda, hawajui kwamba kuizima kwenye kushuka kuna umuhimu kuliko kwenye kupanda. Namba nne haishikilii gari. Unateremka kama umeachia, kazi yote inabaki kwenye breki. Kule Kitonga harufu ya breki za malori huingia dirishani kabla hujaliona lori lenyewe. Mimi nazima O/D juu kabisa, mwendo ukiwa mdogo, na mteremko ukizidi nashusha mpini kwenye 2. Injini inaunguruma, abiria wageni wanaogopa, lakini gari limeshikwa na breki nazigusa kwa vipindi, naachia zipoe.

Kijana anayenisaidia kuendesha alikuja kwangu na mazoea ya kuweka N, yaani gia huru, kwenye mteremko.

"Mama, nabana mafuta."

"Mwanangu, unabana mafuta ya nani?"

Nikamweleza alivyonieleza fundi, na naona wengi hawalijui hili. Injini ya EFI, yaani ile ambayo kompyuta ndiyo inayoipimia petroli, ukiachia pedali ya mafuta huku gari liko kwenye gia, kompyuta inakata petroli. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N magurudumu yameachana na injini, kwa hiyo lazima injini ipewe petroli ili isizimike. Yaani pale anapodhani anabana ndipo anapomwaga, na juu ya hapo ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinasaidiana na breki. Kijana hakuridhika siku hiyo. Amekuja kuridhika baada ya kushika usukani kwenye mteremko wenyewe, O/D imezimwa, mguu wake ukiwa umepumzika.

Foleni ya mjini haina mjadala mrefu. Kati ya Ubungo na Kimara jioni, gari halifiki mwendo wa namba nne, kwa hiyo kitufe kiwe ndani au nje ni yaleyale. Anayekwambia amezima ovadraivu kwa ajili ya foleni anajifurahisha.

Wenye pikapu mpya wasidhani hayawahusu kwa sababu hawana kitufe. Hilux iliyotoka kuanzia mwaka 2015, ile ya otomatiki, ina gia sita, na mbili za juu, ya tano na ya sita, zote ni ovadraivu. Kazi ya kitufe imehamia kwenye mpini: unausukuma upande wa S, unazuia gari lisipande zaidi ya namba unayoitaka. Kupanda na kushuka na mzigo, sheria ni ileile. Na jamani, kuzima ovadraivu si ruhusa ya kupakia tani mbili kwenye pikapu ya tani moja. Nawaona mnavyoondoka Ilula, springi zimekunjika kinyume na taa za mbele zinamulika miti.

Ninaloomba, Mhariri, ni jambo dogo kwa watu wa namna mbili. Wenye yadi, mnapomkabidhi mtu ufunguo, tumieni dakika chache kumwonyesha kitufe hiki na taa yake, na mkiweza bandikeni maelezo ya Kiswahili kwenye kile kikinga jua cha dereva, maana kitabu cha Kijapani hatukisomi. Na vyuo vya udereva, ambavyo wengi wetu vilitufundishia gari la klachi, vitenge somo moja la otomatiki yenye mzigo. Wengi wanaoajiriwa leo kuendesha pikapu hizi wanajua D na R tu, na P wakikumbuka.

Kuna dada mmoja anayeuza vitunguu aliniuliza kama ni lazima asimame ndipo abonyeze. Hapana, dada yangu, kinabonyezwa gari likitembea. Inua mguu kidogo kwenye mafuta, bonyeza, utasikia injini imepanda sauti gari likirudi namba tatu. Ila usikibonyeze ukiwa unakimbia mno, punguza kwanza.

Wako,
Mama wa nyanya,
Tabata, Dar es Salaam