Jerry Brown hakubebwa na jina tu

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu ya watoto wa wanasiasa, mmesema Jerry Brown wa California alibebwa tu na jina la babake Pat, gavana wa 1959 hadi 1967. Hapo sikubaliani kabisa. Jina lilimfungulia mlango kweli, akawa gavana 1975 na miaka 36, lakini useneta alishindwa 1982, urais kajaribu mara tatu kakosa, akashuka mpaka umeya wa Oakland, miaka nane mizima, ndo akaja kurudi ugavana 2011 akakuta bajeti ina shimo la mabilioni ya dola na 2019 akaondoka kaacha akiba.

Naomba mkiandika kuhusu hizi familia muweke na kazi alizofanya mtu mwenyewe, wasomaji tupime.

Msomaji wenu