Jina la Mchoraji Lisikatwe: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Hakimiliki Tanzania

Ndugu Msimamizi,

Nakuandikia kuhusu jina. Habari ya mirabaha inasemwa sana, na wanamuziki wanaisema vizuri kuliko mimi. Ombi langu ni hili: COSOTA, ofisi yako ya hakimiliki, itoe mwongozo kwamba taasisi ya umma au chombo cha habari kikichapisha mchoro au picha kutoka mitandaoni, jina la aliyeitengeneza liandikwe hapo hapo.

Sisi wachoraji na wapiga picha tunaweka kazi zetu Instagram na Facebook kwa hiari. Tunataka zitembee. Mama anayechukua mchoro wangu na kuutuma kwenye grupu la ukoo hajanikosea kitu; namshukuru. Tunachotegemea ni kwamba kazi ikifika mbali, ifike na jina. Ndivyo riziki yetu inavyopatikana: mtu anaona mchoro, anauliza nani kachora, ananitafuta, tunaongea bei. Jina likiondolewa, mwenye mgahawa aliyetaka kuchorewa ukuta hajui aanzie wapi, na mimi sijui kwamba alikuwepo.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa, na maelezo yaliyomo ndani ya faili hupotea. Inabaki sahihi ya pembeni, nayo watu huikata ili waweke nembo ya ukurasa wao. Taasisi moja ya umma ilitumia mchoro wangu wa wachuuzi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kwenye tangazo lake, sahihi imekatwa. Nilipoandika kuulizia, waliufuta mchoro. Sikuomba ufutwe! Niliomba jina. Kuufuta kulinipotezea hata wale watazamaji ambao wangeweza kunijua.

Magazeti nayo yana mazoea yao: “Picha kwa hisani ya mtandao.” Mtandao haujawahi kushika brashi wala kamera. Aliyeamka alfajiri kuwahi mwanga yupo, ana jina, na mara nyingi ukurasa wake unapatikana kwa kutafuta kidogo tu. Serikali yenyewe inaijua thamani ya jambo hili, maana picha za Rais hutoka zimeandikwa “Picha na Ikulu”, na vyombo vya habari huliacha neno hilo kama lilivyo. Heshima hiyo hiyo ndiyo tunayoiomba.

Wala siombi haki mpya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na jina lake kutajwa kazi inapotumika. Inamlinda pia dhidi ya kazi yake kuharibiwa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unasema haki hiyo inabaki kwa mtunzi hata akishauza haki za kuingiza fedha. Tena ulinzi huanza kazi inapotengenezwa, kabla hata ya kusajiliwa. Kwa hiyo anayesema “uliiweka mwenyewe mtandaoni” hana hoja, na ningefurahi siku moja kusikia ofisi yako ikimwambia hivyo hadharani.

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, akaandika jina lake kwenye kazi. Alifariki mwaka 1972, lakini jina limekuwa la mtindo mzima wa uchoraji, na waliojifunza kwake, kina January Linda na Simon Mpata, nao wanajulikana kwa majina yao. Kwenye kanga mambo yamekwenda kinyume. Zile za kampuni ya KHE zimeandikwa “Mali ya Abdulla” tangu enzi za bibi zetu, jina la mfanyabiashara, na waliochora yale maua na pindo hatuwajui. Inaniuma kila ninapofungua doti.

Mwongozo huo uanze na kurasa za wizara, halmashauri na mashirika ya umma, kwa kuwa hizo ziko chini ya mkono wa Serikali na wengine huziiga. Afisa habari asiyemjua mwenye picha aulize kwanza, au atumie picha nyingine. Na iwepo njia nyepesi ya kulalamika, bila wakili, kwa mtu anayedai jina tu: atume kazi yake ya awali na ile iliyokatwa, kisha ofisi yako iagize jina lirudishwe na posti ibaki. Rasimu ikihitaji macho ya wachoraji, tuiteni. Tutakuja kwa nauli zetu.