Samaki wa madimbwi yetu wafugwe na kwetu pia

Ndugu Mhariri,

Ukiingia duka la samaki wa mapambo Dar es Salaam au Mombasa, utaonyeshwa samaki wa dhahabu wa asili ya China, gapi na neoni wa asili ya Amerika Kusini. Ni wazuri, sina ugomvi nao. Kinachoniuma ni kwamba Ujerumani, Ucheki na Marekani wapo watu wanaofuga sebuleni kwao samaki ambao chimbuko lao ni Unguja, Mafia, Rufiji na Kikambala ya pwani ya Kenya, tena kila tangi limeandikwa jina la mahali mbegu ilikotoka. Sisi tunaopita kando ya madimbwi hayo kila masika hatuwajui.

Nawazungumzia samaki wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Nothobranchius, ambayo hapa chini nitaifupisha kwa N. Wengi wao hawazidi sentimita sita, hawana thamani mezani, kwa hiyo hakuna mvuvi anayewatafuta wala mnada unaowauza. Lakini mtazame dume wa Nothobranchius guentheri, ambaye kwa asili anapatikana Unguja tu na ambaye wanasayansi walimpa jina tangu 1893: mwili wa buluu iliyochanganyika na kijani, magamba yametiwa nakshi nyekundu, mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Mafia yupo N. korthausae, Kikambala yupo N. interruptus, upande wa Malindi yupo N. jubbi. Hakuna nchi yenye spishi nyingi za jenasi hii kuliko Tanzania.

Maisha yao ni ya ajabu kuliko hata rangi zao. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyolala kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi huanguliwa ndani ya saa chache, na samaki anaanza kushindana na jua. N. furzeri, wa Zimbabwe na Msumbiji, amekutwa porini akiwa tayari kuzaa akiwa na umri wa siku 14. Dimbwi likikauka samaki wote wanakufa, yanabaki mayai. Nayo hayaamki yote kwa mvua moja. Mengine huendelea kulala hata yakilowa, hivyo mvua ikidanganya, ikanyesha wiki moja na kukatika, wanaopotea ni wale waliotangulia tu. Mkulima anayepanda shamba lake kwa awamu, akiogopa mvua za vuli zisimwangushe, ataielewa hesabu hiyo mara moja.

Kuwafuga hakuhitaji utajiri. Tangi dogo lenye mfuniko linatosha, kwa sababu wanaruka, na kwa joto la pwani hita haina kazi. Weka chumvi kidogo majini, kwani wanashambuliwa haraka na vimelea vinavyowafunika kama vumbi la dhahabu. Wape viluwiluwi vya mbu na viroboto-maji. Ndani ya tangi weka bakuli lenye nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa na kusuuzwa vizuri, hapo ndipo jike atakapotaga, yai moja moja, dume akimkumbatia kwa mapezi. Baada ya wiki mbili hivi kamua zile nyuzi mpaka zibaki na unyevu kidogo tu, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, andika spishi, mahali na tarehe. Miezi mitatu hivi baadaye kwa guentheri, na zaidi kwa spishi nyingine, zimwagie maji. Mtoto wa shule akiona vifaranga vikiogelea kutoka kwenye kitu alichodhani ni takataka kavu, hutamlazimisha tena kusoma baiolojia.

Wako watakaouliza faida yake ni nini. N. furzeri alivuliwa kwenye hifadhi ya Gonarezhou, Zimbabwe, mwaka 1968. Kwa miongo kadhaa uzao ule uliendelezwa na watu wa kawaida majumbani, kwa mapenzi tu. Mwaka 2003 watafiti wakatangaza jinsi maisha yake yalivyo mafupi, na mwaka 2015 ramani yake ya jeni ikachapishwa. Leo maabara kubwa za Ulaya na Marekani zinamtumia kuchunguza uzee wa viumbe wenye uti wa mgongo. Wafugaji wale wangechoka njiani, watafiti wasingekuwa na uzao ule wa kuanzia.

Wakati huohuo madimbwi yenyewe yanaondoka. Kusini mwa Dar es Salaam, barabara ya kwenda Kibiti, kwenye bonde la mto Mbezi (si Mbezi Beach wala Mbezi ya Kimara), wapo N. luekei na N. ruudwildekampi, ambao eneo lao ni dogo mno. Jiji linaelekea hukohuko. Lori chache za kifusi zinatosha kuzika dimbwi pamoja na mayai yake, na hakuna atakayehesabu hasara. Hata nia njema inaua: ukilichimba dimbwi likawa bwawa la kudumu na ukaweka kambare, umewaondolea ukame wanaouhitaji na umewaletea wa kuwala. Ziwa Victoria tulishaona. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Baadhi ya spishi zilinusurika kwenye matangi ya ng'ambo, na ziwa zima haliwezi kurudishwa kutoka kwenye tangi.

Kwa hiyo sisemi watu wakimbilie bondeni na nyavu. Anayetaka kufuga aanze kwa ofisa uvuvi wa wilaya apate ruhusa, achukue jozi chache, asichanganye samaki wa madimbwi mawili hata wakifanana, na asirudishe porini samaki wa tangini. Gapi wa dukani wasimwagwe kwenye madimbwi haya kwa kisingizio cha kula mbu, maana samaki wenyeji wanawala mbu hao bila kuagizwa.

Ninaloomba kwa wenye mamlaka ni moja. Halmashauri za Mkuranga, Rufiji, Mafia na za Unguja ziwashirikishe wataalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati wa masika, madimbwi yakiwa yamejaa, yaorodheshwe na kuwekwa kwenye ramani za mipango miji kabla viwanja havijapimwa. Kiangazi mpimaji ardhi anaona tambarare kavu tu, naye hana namna ya kujua kilichomo.

Mfugaji wa samaki,
Dar es Salaam