Hofu ya Januari ndiyo inayouza maua ya mikorosho

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, mjane, nina mikorosho 64 aliyoniachia mama. Hivi karibuni msomaji mwenzangu aliandika kwamba sisi watu wa Kusini tunauza korosho kwa kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi kwa bei ya chini nje ya chama cha ushirika, mara nyingi kabla hata hatujavuna, kwa sababu hatufikirii kesho. Barua ile nimeisoma mara mbili, na bado nimeikataa. Mimi nimewahi kuuza kangomba. Niliuza kwa sababu kesho ilikuwa imenijaa kichwani, hata leo ikakosa pa kukaa.

Msimu wa 2018 mnaukumbuka. Wakulima walizikataa bei minadani, Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Mimi nilikuwa na kilo 412 ghalani. Usiku uleule nilichukua kalamu ya mwanangu nikapiga hesabu: 1,359,600. Laiti nisingeijua. Tangu hapo usingizi ukahama. Stakabadhi nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nikishtuka usiku naifungua, naisoma kwa tochi ya simu, kama vile tarakimu zingezaliana. Pesa ile niliitumia kichwani labda mara kumi kabla sijaishika: bati za chumba cha nyuma, godoro la kijana wa bweni, deni la salfa ya kupulizia mikorosho, na kanga mbili (nisiwafiche). Malipo yakachelewa. Kila nikipita ofisi ya chama chetu cha msingi cha ushirika, katibu ananiona kwa mbali na kuanza kutikisa kichwa. "Bado, mama."

Pesa ilipoingia, sehemu kubwa ilikuwa ya watu wanaonidai.

Basi Agosti 2019, mikorosho imetoa maua mazuri sijapata kuona, mimi tumbo linanikata nikiiwaza Januari. Shule zitafunguliwa, malipo yatachelewa tena, nitamwambia nini mtoto? Akaja kijana na pikipiki. Mtu wa hapahapa, mpole, anasalimia mpaka kuku. "Mama, kwani unateseka kwa nini?" Akanihesabia 100,000 pale kwenye mkeka, nami nimpe kilo 100 nikivuna. Na kilo yenyewe ni ya bakuli lake, linalojazwa mpaka lifanye kichuguu. Ukiipeleka kwenye mizani inazidi. Minada ilipofunguliwa bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyonipa. Na laki ile haikuiona hiyo Januari. Iliishia Septemba. Nikipiga hesabu, kijana yule aliniuzia usingizi wa wiki tatu kwa kilo 100 za korosho.

Mama mdogo wangu, Mungu amrehemu, alinikuta siku ninayompimia. Hakunigombeza. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kunisimulia walivyohamishiwa kijiji cha ujamaa miaka ya sabini, mikorosho yao wakaiacha mbali, mingine ikamezwa na pori. Nikamuuliza, sasa usiku mlikuwa mnalalaje? Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Tulikuwa tunajenga nyumba," akasema. "Tulilala tumechoka."

Siwezi kusema wasiwasi umenitoka. Unakuja, hasa saa tisa usiku, jogoo wa jirani akikosea saa. Ila tangu mwaka ule sipigi hesabu ya korosho iliyoko mtini, wala iliyoko ghalani, mpaka ujumbe wa benki uingie kwenye simu. Sare za shule nanunua malipo ya kwanza yakiingia, kabla ya kanga. Nimepanda muhogo nyuma ya nyumba, na Januari ikifika tunakula ugali wake kwa kisamvu. Mtoto ananuna siku mbili, ya tatu anakula.

Wenye vyama nao nina neno nao. Mkitutajia siku ya malipo, ishikeni. Mkulima anayejua kwamba ni Ijumaa atavumilia mpaka Ijumaa. Huyu anayeambiwa "bado" kila siku ndiye anayeusikia mlio wa pikipiki akatoka nje.

Sasa ni Julai, baridi ya huku juu inauma, maua yameanza. Juzi amepita kijana mwingine, akasimamisha pikipiki chini ya mkorosho wa mama. "Mama, mwaka huu maua mazuri." Nikamwambia ndiyo, mazuri. Akasubiri. Nikamletea maji, akanywa, akaondoka.

Imebaki mikorosho 18 sijaipuliza. Mwenye mashine ameniahidi kesho alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, kama upepo utatulia.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara
(Jina limehifadhiwa)