Mosby mwenyewe alikwisha kuitaja sababu ya vita

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu maofisa wa askari wapanda farasi wa majimbo ya Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), niliisoma mara mbili nikiwa zamu ya usiku. Mwandishi anasema watu wale walipigania haki za majimbo yao, na kwamba habari ya utumwa ilitiwa baadaye na washindi. Kisha miongoni mwa mashujaa wake akamweka Kanali John Singleton Mosby. Hapo nikashindwa kunyamaza.

Huu ni mwaka wa kumi na mbili naishi kaskazini mwa Virginia, nikihudumia wazee majumbani. Mzee ninayemtunza sasa anakaa Warrenton, na asubuhi nikitoka kazini napita makaburi alikozikwa Mosby. Barabara ya 50 ilikuwa na jina lake katika kaunti ya Loudoun, mpaka madiwani walipoamua mwaka 2021 liondolewe. Nilianza kusoma habari zake kwa sababu nilichoka kuliona jina nisilojua mwenyewe alikuwa nani.

Kwamba alikuwa jasiri sibishi. Usiku wa kuamkia Machi 9, 1863, mvua ikinyesha, aliingia mji wa Fairfax Court House, Virginia, na watu 29 katikati ya jeshi la Kaskazini, akapanda ghorofani alikolala Jenerali Edwin Stoughton. Mosby mwenyewe alisimulia kwamba alimfunua shuka, akampandisha shati la kulalia na kumchapa kofi mgongoni ili aamke. Kufika alfajiri alikuwa ameondoka na jenerali huyo, mateka wengine zaidi ya thelathini na farasi 58, bila kupoteza mtu hata mmoja. Vita vilipokwisha hakusalimu amri. Aprili 21, 1865, alikipanga kikosi chake mjini Salem, Virginia, akakivunja.

Lakini mwandishi wenu kaishia hapo, na mtu huyu aliishi miaka 51 zaidi.

Mwaka 1872 alimpigia kampeni ya urais Ulysses Grant, jenerali yule yule aliyewashinda. Majirani wa Warrenton hawakumsamehe. Alitishiwa kuuawa, na hata kufyatuliwa risasi alifyatuliwa akiwa kituo cha treni, ikamkosa. Serikali ikampeleka Hong Kong kuwa konsuli kuanzia 1878 hadi 1885. Fikiria: mtu aliyenusurika miaka ya vita anakuja kuwindwa na watu wa upande wake mwenyewe, kwa ajili ya kura.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike. Mwaka 1907, wazee wa Kusini walipokuwa wakijenga sanamu na kuhutubia kwamba utumwa haukuhusika, Mosby alimwandikia barua Samuel Chapman, aliyepigana pamoja naye. Alimwambia kuwa Kusini waliingia vitani kwa ajili ya utumwa. Jimbo la South Carolina, alisema, lilitamka lenyewe lilipojitenga kuwa utumwa usingekuwa salama chini ya Rais Lincoln, na hao ndio wanaopaswa kujua kwa nini walijitenga. Na hakujitoa: alisema wazi kwamba haoni aibu kwa kupigana upande wa utumwa, kwa kuwa askari hupigania nchi yake, iwe na haki au isiwe nayo.

Hayo ya mwisho mimi siyakubali hata kidogo, na nikipita kaburini pake siku makaburi yanapochomekwa bendera ndogo za Kusini moyo hunisokota. Ila mtu huyu hakudanganya kuhusu alichokipigania. Mwandishi wenu anamsifu, huku akimbandika uongo ambao yeye mwenyewe aliukataa kwa maandishi akiwa na miaka 73.

Kuna jina jingine ambalo halimo katika makala yenu. Aaron Burton alikuwa mtumwa wa familia ya Mosby, na alikwenda naye vitani. Baadaye, akiwa huru, aliishi Brooklyn, na Mosby akawa anamtumia fedha. Nimetafuta maneno yake Burton, aliyoyaona katika misafara ile ya usiku, sijapata kitu cha kunitosha. Ya Mosby yamejaa vitabu.

Nawaomba mchapishe sahihisho la ile sentensi ya haki za majimbo, ukurasa ule ule mlioitoa. Na mkiandika tena habari za kikosi hicho, mtajeni na Burton.

Msomaji wenu,
Virginia, Marekani