Baba aliyetuacha sasa anamwita Mungu Baba, mimi nashindwa

Tumsifu Yesu Kristo, Padri.

Mimi ni msomaji wako wa Malaba, upande wa Uganda. Nina kibanda cha kutuma na kupokea pesa kando ya barabara ya malori, nina mume na binti mmoja, na ni Mkatoliki tangu kubatizwa. Majibu yako huwa nayasoma na mara nyingi nakubaliana nawe, ingawa yule mama aliyekuandikia kuhusu mahari ulimkaripia kupita kiasi. Leo naleta langu. Jina langu naomba usiliweke, mji wetu ni mdogo.

Baba yangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Kigali. Yeye Msamia, mama Mjopadhola, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mama alikuwa akiuza chai na chapati kwa madereva waliosubiri karatasi zao za forodha, na enzi zile kusubiri kulikuwa kusubiri kweli, lori linakaa siku kadhaa bila kusogea. Ndivyo walivyokutana. Kila alipopita alitushushia nazi, halua, na mabuyu yale mekundu ya Mombasa. Nilikuwa naenda shule na ulimi mwekundu, darasa zima linajua baba yangu amelala nyumbani.

Kisha akaanza kupita bila kusimama. Ugomvi sikuusikia, wala hakuna mzee aliyeitwa. Mama alikuwa anaijua honi ya lile lori. Jioni moja akaisikia, akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu kama baba alivyopenda, akaweka kikombe mezani. Trela likapita mbele yetu polepole kwa sababu ya foleni, polepole kiasi kwamba nilimwona utingo akitutazama, halafu akageuza uso. Baba alikuwa anatazama mbele tu. Nilikuwa darasa la tano. Baadaye tukasikia ana mke na watoto Eldoret.

Mjomba ndiye aliyenisomesha, aliuza mpaka fahali wake. Mama hakuolewa tena. Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, malori yakakatika na petroli ikawa adimu hapa kwetu, mama alikuwa akimtaja mtu yule kwa jina kila usiku tukisali rozari, Mungu amlinde huko aliko. Mimi naitikia, meno nimeyauma. Mama amekufa bila kumwona tena.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, akashuka kwenye boda mbele ya kibanda changu. Begi moja na Biblia. Kisukari kimeshamharibu macho, na vidole vya mguu mmoja vimekatwa. Mke wa Eldoret alishafariki, na watoto wa huko wamemchoka. Kaka yangu aliyeko Jinja aliniambia kwa simu nimkatie tiketi ya basi arudi alikotoka. Wazee wa ukoo wakasema mtu hawezi kufia stendi na damu yake iko mjini. Aliyemaliza maneno ni mume wangu: akahamisha magunia, akamtengea chumba cha nyuma. Anakula, anapelekwa kliniki, dawa ananunuliwa. Kwa hiyo usinijibu kuhusu kumtunza, Padri. Hilo nalifanya.

Shida yangu ni alfajiri. Baba aliokoka hukohuko Kenya, na saa kumi na moja huamka kusali kwa sauti. Kati ya chumba chake na jiko langu kuna ubao mwembamba tu. Nakoroga uji wake wa wimbi, usio na sukari, nasikia: "Baba, asante. Hujawahi kuniacha hata siku moja."

Hata siku moja.

Hasemi kwa kujionyesha. Wakati mwingine analia, kilio cha mtu aliyebebwa, halafu anatoka nje amechangamka, anauliza kama kumepambazuka vizuri. Ningekuwa naona ni unafiki ningelala usingizi wangu. Kinachoniuma ni kwamba namwamini. Mungu ni Baba kwake kwelikweli, na anapata faraja ile ambayo mimi, niliyekaa kanisani miaka yote hii, sijaionja.

Kwa Yesu sina shida, huwa nazungumza naye hata kibandani. Mama Maria ndiye kimbilio langu. Lakini Misa ikifika kwenye Baba Yetu, midomo inasema na moyo unarudi dukani kuhesabu pesa. Zamani nilidhani ni uvivu wa sala. Sasa, baada ya mzee kuja, najua ni kitu kingine.

Nilimuuliza mara moja kuhusu siku ile ya lori. Nilijikaza, nikamuuliza kama alituona. Akanyamaza, akasema, "Mwanangu, Mungu alishanisamehe yote yale." Kwa upole, kama karani anayekueleza kwamba faili lako lilishafungwa. Sikuuliza tena.

Ushauri nimeupata mwingi. Katekista aliniambia waheshimu baba yako na mama yako, na kwamba nikikosa radhi ya mzazi hata sala zangu hazitapanda. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alisema nimfikirie Mungu kuwa ni baba kama wangu, ila mzuri zaidi. Nikamwambia, mama, hapo umeniwekea lori njiani. Rafiki yangu mmoja wa Tororo akaona nianzie kwa mwanamume aliyenitendea wema, nimwone Mungu kupitia kwake. Huyo ni mjomba, bila shaka. Lakini nitasali Mjomba Yetu uliye mbinguni? Tulicheka sana siku hiyo, na tatizo likabaki palepale.

Kilichonisaidia kuliko hayo yote ni Katekisimu ya Kanisa, namba 239. Pale Kanisa linasema wazi kwamba wazazi wa kibinadamu hukosea na wanaweza kuiharibu sura ya ubaba na umama, na kwamba hakuna aliye baba jinsi Mungu alivyo Baba. Nilisoma nikapumua. Maana yake sina haja ya kuanzia kwa dereva ndipo nipande kwa Mungu. Na Zaburi ya 27 nayo haimung'unyi maneno: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Mama hakuniacha, nampa haki yake, lakini nusu ya mstari huo ni yangu. Kwa muda nikadhani nimepona.

Sikupona. Nimegundua kwamba sura ya Mungu siyo inayonikwamisha tena. Kinachonikwamisha ni kushirikiana. Huyu Baba ambaye Biblia inaniahidi kwamba atanikaribisha, tayari amemkaribisha aliyesababisha nihitaji kukaribishwa. Nikienda namkuta yuko pale, ameketi, amefarijiwa, na mguu wake mbovu umenyooshwa kwenye kiti.

Mzee anapenda sana Luka 15. Alipotoa ushuhuda katika kanisa analokwenda, alijiita mwana mpotevu, vigelegele vikapigwa, na akina mama wakaja kunipongeza mimi, eti nina bahati. Nikarudi nyumbani nikaisoma sura ile peke yangu, polepole. Padri, naomba unisahihishe kama nakosea. Mwana mdogo alimkosea baba yake, na aliyemkumbatia ni yuleyule baba aliyekosewa. Hakuna mtu aliyesamehe kwa niaba ya mwingine. Kwetu waliokosewa ni mama na mimi na kaka, na waliopiga vigelegele ni watu waliomfahamu mzee kwa miezi michache. Zakayo hakumwambia Yesu peke yake kwamba amejuta, alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Katika Mathayo 5 tunaambiwa ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Huyu wa kwangu sadaka anaitoa kila alfajiri, na mwenye neno juu yake yuko upande wa pili wa ubao, anakoroga uji.

Halafu kuna yule kaka mkubwa, ambaye wahubiri humpitia haraka ili wafike kwenye nyamachoma. Mimi nimekaa naye sana. Alikuwa amekasirika, hakutaka kuingia, na baba akaacha wageni ndani akatoka nje kumsihi. Yesu hakusema kama aliingia au hakuingia. Na kuna hili: kile kijana alichonung'unikia ni mwana-mbuzi tu. Sasa mtu aliyenyimwa zaidi ya mbuzi aambiwe nini?

Nilikwenda Namugongo kwa hija ya Mashahidi wa Uganda mwaka huu, tarehe 3 Juni inavyojaza watu unajua mwenyewe. Pale nikamkumbuka Mbaga Tuzinde. Wengi wetu humtaja Karoli Lwanga tukaishia hapo, lakini huyu Mbaga alilelewa na Mukajanga, mkuu wa watekelezaji wa hukumu za kifo za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mtu aliyesimamia kuni za moto ule wa 1886 alikuwa baba yake mlezi. Akamsihi aikane imani, au akubali kufichwa, kijana akakataa. Mwishowe Mukajanga akaagiza kijana apigwe rungu la shingo kwanza, ili asiusikie moto. Nilisimama kwenye jua nikiwaza kwamba hata katika ukatili ule kulikuwa na mzazi anayetafuta namna ya kumpunguzia mwanawe maumivu, na nikakasirika kwamba mzee wangu hakunipunguzia chochote. Ila Mbaga aliachana na baba mmoja akaenda kwa mwingine. Mimi naambiwa niwe na wote wawili, nyumba moja, mezani pamoja.

Binti yangu hana hesabu hizi. Ana miaka 9 na anampenda babu yake. Jioni mzee humenya muwa kwa kupapasa, macho hayaoni vizuri, anaukata vipande vidogovidogo, anatoa vifundo vyote, anampa kipande kimoja kimoja huku akimsimulia vituo vya njiani, Mariakani, Mtito Andei, Salgaa. Nikiwatazama nafurahi kwa ajili ya mtoto. Pia nataka kwenda kuwatawanya. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Usiku mmoja, mzee akiwa amelazwa kliniki sukari imepanda, nilibaki nyumbani kufua shuka zake. Nikafika kwenye madoa, nikaishiwa nguvu. Nikasema kwa sauti, peke yangu uani: "Wewe ni Baba gani wewe? Mimi ulikuwa wapi?" Nikasema na mengine ambayo siyaandiki kwa padri. Nilipotulia ndipo nikashtuka kwamba katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwita Mungu hivyo kutoka moyoni, na mara ya kwanza imekuwa ni ya kumgombeza. Na nikawa nimetulia kweli, Padri. Nikamaliza kufua, nikaanika, nikalala hadi asubuhi. Kilichotokea sikielewi. Najua Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu amewasahau hadi lini, lakini wao ni akina Daudi.

Kuna jambo lililonisukuma kuandika. Kanisa la mzee huadhimisha siku ya akina baba, ile Jumapili ya tatu ya Juni. Mwaka huu siku hiyo alikuwa kliniki, kwa hiyo wamepanga ibada yake ya shukrani kabla ya Krismasi. Mchungaji wao amekuja mwenyewe hadi kibandani, mtu mwema, akaniomba nisimame mbele nimvishe baba shuka jipya na kutamka kwamba nimemsamehe. Mume wangu anasema nende, maneno hayauzwi. Kaka anasema nikienda nisimpigie tena simu. Mzee mwenyewe hajaniomba, na sijui kama hilo ni adabu au ni woga.

Naomba unijibu haya. Je, naweza kusimama pale na kutamka msamaha ambao haujaombwa, au nimwambie kwanza mzee kwamba faili la kwangu bado liko wazi, hata kama ni mgonjwa? Mungu anaposamehe mtu kosa alilonitendea mimi, mimi nabaki na nini mkononi? Na yale ya usiku wa kufua, niyapeleke kwenye kitubio kama dhambi, au niyahesabu kuwa sala na kuanzia hapo? Kwa maana kama ni sala, basi hiyo ndiyo pekee niliyo nayo kwa Mungu Baba, na ningependa kujua kama naruhusiwa kuirudia.

Usinijibu kwa mfano wa mzazi mwema, tafadhali, hiyo nimeshaisikia. Na wasomaji wenzangu mliolelewa bila baba, hasa ninyi mnaoishi naye sasa katika uzee wake, niambieni mnaanzaje mnapopiga magoti.

Ni mimi,
Binti wa dereva, Malaba